Kiraka chako cha kwanza OpenStack, hatua kwa hatua

"Nilituma marekebisho yangu GitHub, yakafungwa kabla hata mtu hajayasoma. Kosa liko wapi?" "Lazima niwe na seva kubwa ndipo niweze kuchangia?" "Wiki ya tatu sasa hakuna aliyenijibu, niachane nayo?"

Maswali haya huulizwa na karibu kila anayejua Python na kutaka kuingia kwenye programu huria za kompyuta ya wingu. Majibu yapo, ila yametawanyika kwenye kurasa nyingi za Kiingereza, na baadhi ya kurasa hizo zimepitwa na wakati. Hapa utayapata mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Nimechagua OpenStack kwa makusudi. Ni programu inayozichukua seva za kawaida na kuzigeuza kuwa wingu: mtumiaji anaomba mashine pepe, mtandao au diski, na anapewa bila mtu kushika waya. Ilianzishwa mwaka 2010 na kampuni ya Rackspace pamoja na NASA. Imeandikwa kwa Python, iko chini ya leseni ya Apache 2.0, na CERN, maabara ya fizikia iliyoko Geneva, inaendesha zaidi ya kori 300,000 za prosesa juu yake. Kiraka chako, yaani badiliko unalolipendekeza kwenye msimbo, kikikubaliwa, mashine za namna hiyo zitakiendesha. Tena taratibu zake za ukaguzi ni kali, kwa hiyo aliyezizoea hapati shida kwenye mradi mwingine wowote.

Jambo moja lishike tangu sasa. Kinachowakwamisha wengi si Python, ni utaratibu. Msimbo wa OpenStack unaouona GitHub ni nakala tu. Ombi lolote linalotumwa huko hufungwa na roboti. Kazi yote inapitia Gerrit, mfumo wa kukagua msimbo kabla haujapokelewa, na kwenye Gerrit kinachokaguliwa ni komiti moja moja, siyo tawi zima. Ukiielewa sentensi hiyo, nusu ya matatizo ya wanaoanza hayatakupata.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kompyuta yenye Ubuntu 24.04 au Linux nyingine unayoizoea. Ukiwa na Windows, WSL2, yaani Linux ndani ya Windows, inatosha kwa hatua zote kumi na mbili. RAM ya GB 4 inakutosha kabisa kuanzia. Huhitaji seva kubwa, kwa sababu majaribio mazito huendeshwa na mitambo ya mradi wenyewe, bure.

Python ya kiwango cha kusoma darasa (class) na kuandika funkisheni, pamoja na Git ya msingi: kunakili hazina ya msimbo, kutengeneza tawi, kuandika komiti.

Barua pepe moja utakayoitumia kila mahali. Nasisitiza moja, kwa sababu mojawapo ya matatizo utakayokuta huko chini linatokana na kuchanganya barua pepe.

Kiingereza cha kuandika aya fupi iliyo wazi. Hakuna anayekupima sarufi. Wakaguzi wengi nao Kiingereza si lugha yao ya kwanza.

Na bando la kutosha. Kunakili hazina na kupakua vifurushi vya majaribio kwa mara ya kwanza kunakula data. Kama unalipia kwa MB, fanya hatua ya 6 ukiwa chuoni, kazini, au usiku wakati bando ni nafuu. Baada ya hapo matumizi ni madogo.

Hatua

1. Fungua akaunti. Nenda login.ubuntu.com ufungue akaunti ya Ubuntu One, kisha uitumie kuingia review.opendev.org, ambako ndiko Gerrit iliko. Akaunti hiyo hiyo inafungua Launchpad, ambako miradi mingi ya OpenStack huorodhesha hitilafu zake. Ukishaingia Gerrit, fungua "Settings" uchague jina la mtumiaji. Lifikirie kabla ya kubofya: Gerrit haikuruhusu kulibadilisha baadaye.

Kurasa za zamani zitakuambia utie saini mkataba wa wachangiaji unaoitwa CLA. Ziruke. Tangu Julai 2025 utaratibu huo umeondolewa, na mahali pake kila komiti inabeba mstari wa `Signed-off-by`, ambao ni tamko lako kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Tutauona kwenye hatua ya 8.

2. Weka zana. Kwenye terminali:

```
sudo apt update
sudo apt install git git-review tox python3-dev build-essential
git config --global user.name "Jina Lako Kamili"
git config --global user.email "barua@mfano.com"
git config --global gitreview.username jina_lako_la_gerrit
```

Barua pepe ya mstari wa nne iwe ile ile iliyosajiliwa Gerrit. Usitumie `sudo pip install` kuweka zana hizi. Ubuntu ya sasa inalikataa jambo hilo, na ni kwa faida yako.

3. Tengeneza ufunguo wa SSH.

```
ssh-keygen -t ed25519
cat ~/.ssh/id_ed25519.pub
```

Nakili mstari unaotokea, uubandike Gerrit chini ya "Settings", sehemu ya "SSH Keys". Faili unayoigusa ni ile yenye `.pub` mwishoni. Ile isiyo na `.pub` ni siri yako. Usimtumie mtu, hata anayejitolea kukusaidia. Kisha jaribu:

```
ssh -p 29418 jina_lako_la_gerrit@review.opendev.org
```

Ukikaribishwa na Gerrit na kisha muunganisho ukafungwa, mambo ni sawa. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu huingii kwenye seva kufanya kazi. Unathibitisha tu kwamba mlango unakutambua.

4. Fanya mazoezi kwenye uwanja wa mazoezi. Hatua hii wengi huiruka, halafu wanajifunzia mbele ya wakaguzi wenye shughuli zao. Kuna hazina iliyowekwa kwa ajili hii tu:

```
git clone https://opendev.org/opendev/sandbox
cd sandbox
git review -s
git checkout -b jaribio
```

Amri ya `git review -s` inafanya mambo mawili: inaunganisha hazina yako na Gerrit, na inaweka hati ndogo (script) inayoongeza mstari wa `Change-Id` kwenye kila komiti. Mstari huo ndio kitambulisho cha kazi yako, na Gerrit inakujua kwa huo, siyo kwa jina la tawi.

Badilisha faili yoyote, kisha:

```
git add .
git commit -s
git review
```

Utapewa kiungo. Kifungue, uone badiliko lako linavyoonekana. Sasa badilisha faili tena, na safari hii andika `git commit -a --amend` badala ya komiti mpya, kisha `git review`. Rudi kwenye kiungo kile kile: utaona toleo la pili la kiraka kile kile. Rudia mpaka mkono uzoee. Ukimaliza bofya "Abandon" ili usiache uchafu.

5. Chagua mradi, kisha hitilafu. OpenStack si programu moja. Nova inasimamia mashine pepe, Neutron mitandao, Cinder diski, Glance picha za mifumo endeshi, Keystone utambulisho wa watumiaji, Swift hifadhi ya mafaili, Horizon ukurasa wa kubofya. Kila mmoja una timu yake na desturi zake.

Ushauri wangu: usianzie Nova. Ni kubwa, ina historia ndefu, na foleni yake ya ukaguzi ni ndefu vilevile. Anzia `python-openstackclient`, yaani programu ya amri ya `openstack` inayotumiwa kuongea na miradi yote hiyo. Msimbo wake umegawanyika vipande vidogo, majaribio yake hayahitaji wingu linaloendeshwa, na utajifunza huduma zote kwa kupitia mlango mmoja. Mifano inayofuata nimeichukua huko.

Kwenye Launchpad, fungua ukurasa wa hitilafu wa mradi uchuje kwa alama ya `low-hanging-fruit`. Hizo ndizo timu imeona mgeni anaziweza. Halafu hakikisha mambo haya kabla ya kujiandikia jina:

Kwanza, hitilafu bado ipo kwenye msimbo wa leo. Nyingine zimekaa miaka na zilishatatuliwa bila mtu kuzifunga Launchpad. Ukigundua hivyo, andika maelezo yenye ushahidi. Huo nao ni mchango.

Pili, hakuna kiraka kingine Gerrit kinachoishughulikia. Tafuta namba ya hitilafu kwenye kisanduku cha utafutaji. Kama kipo na kimelala muda mrefu, mwandikie mwenyewe kwa adabu umwulize kama anaendelea nacho. Kumpita mtu kimya kimya kunakera, na jina linachafuka mapema.

Tatu, hali yake ni "Confirmed" au "Triaged". Ikiwa "New", huenda timu haijakubali kama ni hitilafu kweli.

Zikitimia, jipangie kazi hiyo na uibadilishe kuwa "In Progress".

*Onyo.* Usianze kwa kutuma viraka ishirini vya kusahihisha herufi kwenye miradi ishirini. Kila kiraka kinawasha mitambo ya majaribio na kinachukua muda wa wakaguzi wawili. Herufi moja iliyokosewa kwenye maelezo ambayo mtumiaji anayasoma ni sawa kuirekebisha. Kampeni nzima ya namna hiyo itakufanya uonekane unatafuta namba za wasifu wako.

6. Pakua msimbo na uendeshe majaribio kabla ya kugusa chochote.

```
git clone https://opendev.org/openstack/python-openstackclient
cd python-openstackclient
git review -s
tox -e pep8
tox -e py3
```

Usiongeze `--depth 1` ili kuokoa bando. OpenStack inakokotoa namba ya toleo kutokana na historia na alama za Git, na ukiikata historia, vifurushi vinaweza kugoma kujijenga.

`tox` ndiyo zana inayoendesha majaribio. Mara ya kwanza inapakua vitu vingi, kwa hiyo vumilia. Kitu unachotafuta ni kuona majaribio yote yanapita kabla hujabadilisha kitu. Yakifeli sasa, tatizo ni la mashine yako, na ni afadhali ulijue leo kuliko kulisaka ndani ya mabadiliko yako kesho.

7. Andika jaribio, kisha rekebisha. Tengeneza tawi lenye namba ya hitilafu:

```
git checkout -b bug/NAMBA
```

Sasa anza na jaribio linalofeli kwa sababu ya hitilafu. Hapo ndipo mkaguzi anaangalia kwanza, maana jaribio linamweleza ulichokielewa kuliko maneno yoyote. Kuendesha faili moja tu ya majaribio, badala ya yote:

```
tox -e py3 -- openstackclient.tests.unit.compute.v2.test_server
```

Lione linafeli. Rekebisha msimbo. Lione linapita. Halafu endesha yote tena pamoja na `tox -e pep8`, inayokagua mtindo wa uandishi.

Gusa kile kinachohusu hitilafu yako tu. Ukiona funkisheni ya jirani imeandikwa vibaya, iache. Kiraka chenye mambo mawili kinamlazimu mkaguzi akubali yote au akatae yote, na mara nyingi atakataa. Kama ile funkisheni inakusumbua moyo, itengenezee kiraka chake.

Badiliko ambalo mtumiaji ataliona linahitaji pia ujumbe wa toleo. Zana yake inaitwa `reno`:

```
tox -e venv -- reno new jina-fupi-la-badiliko
```

Inatengeneza faili ndani ya folda ya `releasenotes/notes`. Futa sehemu zisizokuhusu, andika sentensi moja au mbili kwa anayetumia programu, siyo kwa anayeiandika.

Je, unaruhusiwa kusaidiwa na akili mnemba? Ndiyo, mradi useme. Sera ya OpenInfra, taasisi inayosimamia OpenStack, inataka uweke mstari wa `Assisted-By:` au `Generated-By:` kwenye ujumbe wa komiti. Lakini mkaguzi atakuuliza kwa nini umefanya hivi na siyo vile, na jibu lazima litoke kwako. Usitume msimbo ambao huwezi kuutetea.

8. Andika komiti inayojieleza.

```
git add .
git commit -s
```

Herufi `-s` ndiyo inayoongeza `Signed-off-by`. Ujumbe wenyewe una sura yake: mstari wa kwanza usizidi herufi 50 hivi, kisha mstari mtupu, kisha maelezo yaliyokunjwa kwenye herufi 72. Kwa mfano, tuseme hitilafu inahusu maelezo ya msaada yasiyolingana na tabia ya amri:

```
Fix help text of server list limit

The help text says that all servers are returned by
default, but the command stops at the limit set by the
API. Describe what really happens.

Closes-Bug: #NAMBA
Signed-off-by: Jina Lako Kamili <barua@mfano.com>
```

Angalia maelezo yale: yanasema tatizo lilikuwa nini na kwa nini badiliko linahitajika. Hayasimulii mstari gani umefutwa, kwa sababu hayo yanaonekana kwenye msimbo. `Closes-Bug` ni kwa kiraka kinachomaliza hitilafu. Kikiwa cha sehemu tu, tumia `Partial-Bug`, na kikiwa kinaigusa tu, `Related-Bug`. Ukiandika sawasawa, Launchpad itajisasisha yenyewe.

Usifute wala kubuni mstari wa `Change-Id`. Uache kama ulivyowekwa.

9. Tuma.

```
git review
```

Ikikuonya kwamba unataka kutuma komiti zaidi ya moja, andika `no` na usimame. Karibu kila mara maana yake ni kwamba umeandika komiti ya pili badala ya kurekebisha ya kwanza. Ziunganishe kwa `git rebase -i`, kisha tuma tena.

Kama kazi haijaiva na unataka tu maoni, fungua kiungo ujipigie kura ya `Workflow -1`. Wakaguzi wataelewa kwamba bado unapika.

10. Msubiri Zuul. Zuul ndiyo mitambo ya majaribio. Inachukua kiraka chako na kukijaribu kwa namna nyingi, zikiwemo zile za kusimamisha wingu zima kwenye mashine za muda. Ndiyo maana nilisema huhitaji seva. Inaweza kuchukua saa moja au zaidi. Ikipita utaona `Verified +1`, ikifeli, `-1`.

Ikifeli, usikimbilie kurudia. Fungua jaribio lililofeli, ingia kwenye logi, tafuta faili ya `job-output.txt`, na usome kuanzia chini kwenda juu. Yale yaliyoandikwa "non-voting" hayakuzuii, ingawa ni vizuri kuyatupia jicho. Ukijiridhisha kwamba chanzo si msimbo wako, kwa mfano mtandao wa mitambo ulikatika, andika maoni yanayoanza na neno `recheck` likifuatiwa na sababu:

```
recheck timed out while fetching packages from mirror
```

`recheck` tupu bila sababu haipendwi, na ni haki isipendwe: kila moja inatumia mashine zilizotolewa msaada, na hitilafu ya kweli inaendelea kujificha.

11. Jibu wakaguzi. Hapa ndipo kazi inapofanyika. Mtu yeyote anaweza kukupa `Code-Review +1` au `-1`, na wewe pia unaweza kuwapa wengine. Wakaguzi wakuu wana `+2` na `-2`. Kwa kawaida kiraka kinahitaji `+2` mbili kutoka kwa watu wawili, kisha `Workflow +1`, ndipo Zuul inakijaribu tena kwa mara ya mwisho na kukiunganisha.

`-1` haimaanishi umefukuzwa. Maana yake ni "rekebisha hiki, kisha tuendelee". Viraka vya watu waliokaa miaka kwenye mradi navyo hupata `-1`. Soma kila maoni, ukikubaliana nayo rekebisha na ubofye "Done". Usipokubaliana, eleza hoja yako. Usiyapite kimya. Mkaguzi aliyepuuzwa harudi.

Namna ya kutuma toleo jipya:

```
git checkout bug/NAMBA
# rekebisha mafaili
git commit -a --amend
git review
```

Neno la kushika ni `--amend`. Aliyezoea GitHub huongeza komiti juu ya komiti, na mikono yake itataka kufanya hivyo hapa pia. Hapa unaandika upya komiti ile ile, `Change-Id` ile ile, na Gerrit inahifadhi matoleo yote ya nyuma ili mkaguzi aone kilichobadilika kati ya la pili na la tatu. Kama mmeachana na kiraka muda mrefu au umebadilisha kompyuta, kirudishe kwa `git review -d` ikifuatiwa na namba ya badiliko.

12. Ukiwa unasubiri, kagua kazi za wengine. Ukimya wa wiki mbili au tatu ni jambo la kawaida. Wakaguzi ni wachache, viraka ni vingi. Usitume ujumbe wa kukumbusha kila siku. Kinachosaidia ni kusoma viraka vya wengine kwenye mradi huo huo na kuacha maoni yenye maana: "nimelijaribu hili kwenye mashine yangu, likafeli nikiweka orodha tupu". `+1` isiyo na neno lolote haina uzito. Mkaguzi mkuu akikuona unampunguzia mzigo, jina lako atalifahamu siku atakapokutana na kiraka chako.

Baada ya wiki hizo, uliza kwenye IRC, yaani vyumba vya mazungumzo ya maandishi. Timu za OpenStack ziko kwenye mtandao wa OFTC tangu 2021, na kila mradi una chumba chake. Cha `python-openstackclient` ni `#openstack-sdks`. Weka kiungo cha kiraka na sentensi moja ya maelezo. Usiandike "hello" ukangoja kuitikiwa. Uliza swali lenyewe, acha dirisha wazi, maana jibu linaweza kuja saa tatu baadaye kutoka kwa mtu aliyekuwa amelala.

Mikutano hutangazwa kwa saa za UTC. Ongeza saa tatu kama uko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Mbili kama uko Kigali, Bujumbura au Lubumbashi. Mkutano wa 14:00 UTC ni saa kumi na moja jioni kwetu wa pwani, saa kumi kwa Bujumbura.

Angalia pia kalenda ya matoleo. OpenStack hutoa toleo kila baada ya miezi sita, karibu na Aprili na Oktoba: 2025.1 liliitwa Epoxy, 2025.2 Flamingo. Wiki kadhaa kabla ya toleo, vipengele vipya husimamishwa na macho yote huelekezwa kwenye hitilafu. Kiraka cha hitilafu kinaweza kupita wakati huo. Kipengele kipya kitangoja.

Ukihitaji wingu zima mezani kwako

Kuna hitilafu ambazo huwezi kuzielewa bila kuziona zikitokea. Hapo utahitaji DevStack, hati zinazosimamisha OpenStack nzima kwenye mashine moja. Iweke kwenye mashine pepe au seva ya kukodi kwa saa, yenye RAM isiyopungua GB 8. Kamwe usiiweke kwenye laptopu yako ya kila siku: inabadilisha mtandao, hifadhidata na mipangilio ya mfumo, na haina njia safi ya kurudisha kila kitu kilivyokuwa.

```
sudo useradd -s /bin/bash -d /opt/stack -m stack
sudo chmod +x /opt/stack
echo "stack ALL=(ALL) NOPASSWD: ALL" | sudo tee /etc/sudoers.d/stack
sudo -u stack -i
git clone https://opendev.org/openstack/devstack
cd devstack
```

Ndani ya folda hiyo tengeneza faili ya `local.conf`:

```
[[local|localrc]]
ADMIN_PASSWORD=siri
DATABASE_PASSWORD=$ADMIN_PASSWORD
RABBIT_PASSWORD=$ADMIN_PASSWORD
SERVICE_PASSWORD=$ADMIN_PASSWORD
LOGFILE=$DEST/logs/stack.sh.log
```

Kisha `./stack.sh`. Kwa intaneti nzuri ni dakika 15 hadi 30. Kwa intaneti ya simu inaweza kuwa ndefu zaidi na kula bando kubwa, na hiyo ndiyo sababu seva ya kukodi mara nyingi ni nafuu. Hati haikubali kuendeshwa na `root`, ndiyo maana tumemtengeneza mtumiaji `stack`. Umeme ukikatika au ukiizima mashine, usitegemee itaamka salama, endesha `./unstack.sh` kisha `./stack.sh` upya.

Matatizo ya mara kwa mara

*Gerrit inakataa, inasema `missing Change-Id`.* Uliandika komiti kabla ya kuweka ile hati ndogo. Endesha `git review -s`, kisha `git commit --amend`, hifadhi bila kubadilisha neno, tuma tena.

*Inasema barua pepe haijasajiliwa kwenye akaunti yako.* Barua pepe ya Git na ya Gerrit hazilingani. Iongeze Gerrit kwenye "Settings", au rekebisha `user.email` kisha `git commit --amend --reset-author -s`. Hakikisha mstari wa zamani wa `Signed-off-by` umeufuta.

*Muunganisho unaganda kwenye `git review -s`.* Mtandao wa chuo au ofisi umefunga mlango (port) 29418 unaotumiwa na Gerrit. Jaribu kwanza kwa intaneti ya simu ili uwe na uhakika. Kama ndivyo, tengeneza nenosiri chini ya "HTTP Credentials" kwenye Gerrit, kisha:

```
git config --global gitreview.scheme https
git config --global gitreview.port 443
git remote rm gerrit
git review -s
```

*`Permission denied (publickey)`.* Jina la Gerrit limekosewa kwenye `gitreview.username`, au ulibandika ufunguo usiokamilika. Ufunguo wa umma ni mstari mmoja. Ukivunjika katikati wakati wa kunakili, haufanyi kazi.

*`error: externally-managed-environment`.* Ulitumia `pip` moja kwa moja. Tumia `apt`, au `pipx` kwa zana ambayo `apt` haina.

*Kiraka kimeandikwa "Merge Conflict".* Mtu mwingine ameunganisha badiliko lililogusa mistari yako.

```
git fetch origin
git rebase origin/master
# rekebisha mafaili yanayogongana
git add .
git rebase --continue
git review
```

*Nimetuma mara mbili na sasa nina mabadiliko mawili tofauti Gerrit.* Ulisahau `--amend`, au `Change-Id` ilipotea. Nakili `Change-Id` ya badiliko la kwanza, iweke kwenye ujumbe wa komiti yako ya sasa mahali pa ile nyingine, tuma, kisha uliache lile la ziada kwa "Abandon".

*Majaribio yanapita kwangu, yanafeli Zuul.* Linganisha toleo la Python kwanza. Kisha futa folda ya `.tox` au endesha `tox -r -e py3`, maana mazingira ya zamani yanaweza kuwa na vifurushi vya miezi iliyopita.

*Kiraka kimeunganishwa, lakini toleo tunalotumia kazini bado lina hitilafu.* Kilichounganishwa kwenye `master`, tawi kuu la msimbo, kinatoka na toleo lijalo. Kama ni marekebisho ya hitilafu yasiyobadilisha tabia ya programu, unaweza kuomba yaingizwe kwenye matoleo ya nyuma, ukianza na lililo jipya zaidi ndipo ushuke:

```
git fetch origin
git checkout -b nyuma origin/stable/2025.2
git cherry-pick -x KITAMBULISHO_CHA_KOMITI
git review
```

Herufi `-x` inaandika komiti ilikotoka, na wakaguzi wa matoleo ya nyuma wataitafuta kabla ya kitu kingine chochote. `Change-Id` ibaki ile ile ya `master`.